Gobele Iliyokatwa

Watu wa Uvira hunipigia simu kuniuliza gobele moja ya yaurti ni gramu ngapi. Hunipigia wakiwa wamesimama jikoni, nikisikia sufuria ikichemka nyuma yao na mtoto akigombezwa aache sukari. Mmoja amepata maelezo ya keki, yameandikwa gramu mia tano za yaurti, na nyumbani kwake hakuna mizani. Mwingine ana kopo lenye maandishi ya mililita na anataka kujua kama mililita na gramu ni kitu kimoja. Nawajibu bila kufungua daftari. Gobele ya enameli, ile ya kunywea chai ambayo kila nyumba inayo, ikijaa yaurti, yale maziwa ya kuganda, ni gramu mia mbili na hamsini. Kijiko kikubwa ni kumi na tano. Lita moja ni kilo moja na kitu kidogo juu yake, usijisumbue nacho. Kisha nasema neno ambalo siliachi kamwe: "Iliyokatwa. Umenisikia? Pitisha kisu juu, kata kile kilichozidi, ndipo uhesabu." Wananicheka. Mtaani wananiita Mama Gramu, na wasichana ninaowafundisha upishi huigiza ninavyokunja uso nikisema neno hilo. Waigize tu. Hawajui lilitoka wapi, na mimi sijawahi kuwaambia.

Simu iliyolia Jumanne asubuhi ilitoka kwenye namba nisiyoijua, nikadhani ni swali la keki. Nilikuwa na unga mikononi, nikaitika kwa haraka, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza. "Mama Zawadi? Minye iko Neema, mutoto wa Mama Esperance wa Kimanga, ule wa yaurti. Mama ametuacha jana. Alisema akishaenda, weye tukuitie." Nikamwambia poleni, nikamwuliza matanga yako wapi ingawa nilijua nyumba ile vizuri kuliko alivyodhani, kisha nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikiwa na ule unga mikononi mpaka ukakauka. Sikulia. Nilichohisi kwanza, na nitakisema kwa sababu nimezeeka na sina wa kumdanganya tena, kilikuwa nafuu. Nilifikiri: sasa hakuna mtu duniani anayeweza kuniuliza. Nafuu hiyo ilidumu kama muda wa kunawa mikono.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala nyumba yetu ilikuwaje. Wazazi wangu hawana kosa lolote katika habari hii. Kosa ni langu, na lilifanyika ndani ya mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, katika jiko la nyumba ya wageni ya masista, karibu na ziwa. Nyumba ile ilishabomolewa. Jiko lilikuwa refu na jembamba, na dirisha moja upande wa ziwa, ambamo milima ya Burundi ilionekana asubuhi kisha ikapotea katika ukungu wa joto. Ukuta ulipakwa rangi ya maziwa mpaka kifuani na juu yake chokaa. Kulikuwa na furu ya matofali ya kuokea, iliyotiwa makaa chini na juu, na meza ya mbao iliyosuguliwa mpaka ikawa na bonde katikati. Kwenye rafu kulikuwa na mizani ya shaba ya zamani iliyoachwa na masista wazungu, lakini mawe yake ya kupimia yalishapotea zamani, kwa hiyo sahani zake zilitumika kuwekea vitunguu. Na ndani ya droo kulikuwa na daftari lao la upishi, lenye mwandiko mzuri wa Kifaransa, kila kitu kwa gramu. Tulikuwa na daftari la gramu katika jiko lisilo na mizani, na hakuna aliyeona ajabu.

Bwana wa jiko alikuwa Papa Dominiko, mzee mwembamba aliyepika amevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Yeye hakuhitaji mizani wala daftari. Keki ya yaurti, ambayo wageni walikuja kuiulizia kutoka Bukavu na Bujumbura, aliipika peke yake kila Jumamosi, akituonyesha mgongo. Aliyetuamuru sote alikuwa Masera Agata, mtawa mwenye miwani minene na mwendo wa haraka, aliyeogopa jambo moja tu, kwamba siku mzee akifa keki nayo itakufa. Ndiyo maana alituchukua wasichana wawili kujifunza. Mimi nilitoka mjini, nilisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari na nilijiona sana. Mwingine alikuwa Esperance, aliyeshuka kutoka Rurambo, milimani, na kifuko kimoja na chungu cha mti cha kuwekea maziwa, kimepakwa mafuta mpaka kikang'aa. Kwao walikuwa watu wa ng'ombe. Alikuwa na mikono mikubwa na kicheko kilichochelewa, unamwambia jambo la kuchekesha, anaendelea kumenya viazi, kisha baada ya muda unamsikia anacheka peke yake.

Tulilala chumba kimoja nyuma ya ghala, vitanda viwili vya chuma na msumari mmoja wa kutundikia nguo, na tulikula sahani moja. Huwa nakumbuka sahani ile kuliko uso wake. Mchana, wageni wakishakula, tuliketi kwenye ngazi ya nyuma na bugali yetu na ndagala, dagaa wa ziwani, za kukaanga zenye pilipili, au mboga ya lengalenga iliyobaki, na siku za bahati kichwa cha samaki mukeke ambacho mgeni hakukigusa. Esperance alikuwa akisukuma samaki upande wangu kwa kidole, kana kwamba sahani imeinama. Mimi nilikula. Sikumbuki hata siku moja niliyosukuma samaki upande wake. Nasema hivyo si kwa kujipiga kifua tu, bali kwa sababu baadaye, nilipojiuliza ubaya ule ulianza lini, nilianza kuutafuta katika mambo makubwa nikaukuta hapo, kwenye sahani.

Yaurti ya nyumba ile ililetwa na mama mmoja wa bondeni, katika bidoni, dumu la manjano. Ilikuwa nyepesi, ya majimaji, unaimimina kama uji wa mgonjwa. Wiki zangu za kwanza nilipewa kazi ya kuwapimia wageni wa asubuhi. Siku moja mama huyo alikuwa ameleta nzito kuliko kawaida, ikawa inasimama juu ya mdomo wa gobele, nami nikachukua kisu nikaikata ili zote ziwe sawa. Esperance aliacha ufagio akanishika mkono.

"Zawadi! Weye unafukuza bageni?"

"Nafukuza nani? Napima."

"Kwetu muntu hakati maziwa. Ukimupimia muntu, unaweka mpaka inafanya kilima. Ukikata na kisu mbele ya macho yake, ni kumuambia: hii njo ya mwisho, inuka uende. Mama yangu alimukatia muntu mara moja tu, na ule muntu alijua juu ya nini."

Nilimcheka. Nikamwambia mjini gobele ni kipimo, si barua. Naye akacheka, baadaye, akiwa anafagia. Lakini tangu siku hiyo aliniondolea kazi hiyo akaifanya yeye, na kila mara yaurti ilipokubali kusimama aliiwekea kilima chake, akakizungusha kwa nyuma ya kijiko mpaka kikawa na ncha. Wageni walipenda. Lakini mara nyingi ile ya bondeni ilikuwa nyepesi mno kufanya kilima chochote, ikajisawazisha yenyewe, na gobele yake na gobele yangu zikawa sawa. Kwa hiyo tofauti ilikuwapo na haikuonekana.

Kabla ya Pasaka Masera Agata alikuja na karatasi nyeupe kubwa. Alitaka orodha ya vipimo ibandikwe ukutani, gramu za daftari zigeuzwe kuwa gobele na vijiko, ili yeyote aweze kupika. Alinipa mimi kwa sababu ya ile sekondari yangu. Nilifurahi mno. Mizani iliyokuwa karibu ilikuwa ya Mama Sifa, muuza ndagala kavu pale ufukweni, ya kuning'inizwa, ya kupimia magunia, na haikuweza kuona kitu kidogo kama gobele moja. Nikafikiri. Nikabeba ndoo tupu nikaipima, kisha nikaijaza gobele kumi, nikapima tena, nikaondoa uzito wa ndoo, nikagawa kwa kumi. Mchele hivyo, maharage hivyo, maziwa hivyo. Yaurti ya bondeni, gobele kumi zilizokatwa, kilo mbili na nusu. Mama Sifa na wenzake walinizunguka wakiuliza kama nimeanza biashara ya kuuzia ndoo hewa. Nilirudi nimetapakaa unga na magamba ya samaki, nikaandika kwa penseli nene, kwa herufi za kuchapa: YAURTI, GOBELE 1 = GRAMU 250. GOBELE 4 = KILO 1. Sikuandika "iliyokatwa". Haki ya Mungu, siku ile sikuiandika kwa sababu haikunijia. Kwangu gobele ilikuwa gobele. Papa Dominiko alisoma karatasi akivuta kofia yake, akasema, "Sawa. Sasa ukuta utapika."

Baada ya Pasaka mama yake Esperance alituma yaurti kutoka Rurambo katika chungu kikubwa. Mpaka leo sijala nyingine kama ile. Ilikuwa nzito, imekamuliwa maji yake yote, ya rangi ya krimu, na ilikuwa na harufu ya moshi kidogo kwa sababu chungu hufukizwa. Tuliila na viazi vitamu vya moto kwenye ngazi. Iliyobaki, kwa ukaidi wa mtu aliyepata mchezo mpya, niliipeleka kwa Mama Sifa. Nilimwomba Esperance aijaze ndoo kwa mkono wake kabla sijaondoka, gobele kumi kwa namna ya kwao. Ilikuja kilo tatu na robo. Nilirudia. Kilo tatu na robo. Gobele nne za ukuta wangu, yaani kilo moja, mikononi mwake zilikuwa kilo na gramu mia tatu. Nilielewa hapo hapo kwamba nimekosea, kwamba orodha yangu ingemdanganya mtu yeyote wa milimani aliyeisoma, na nilipanda kutoka ufukweni nikikimbia, penseli mfukoni, kwenda kuongeza lile neno moja. Nilikuwa na furaha ya kugundua. Naomba muikumbuke furaha hiyo, maana hapo bado nilikuwa mtu mwema.

Nilipofika jikoni sikukuta mtu. Kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani kati ya jiko na chumba cha kulia, na upande wa pili wa kidirisha Masera Agata alikuwa akiongea na Papa Dominiko. Nilisimama mbele ya karatasi yangu na penseli imeinuliwa.

"Ile masomo ya Bujumbura banakubali mumoja tu," alisema Masera. "Madame wa kule atakuya mwezi ujao aone mwenyewe. Kila mutoto apike keki. Ule atashinda, ataenda mwaka muzima, na akirudia hii jiko ni yake. Mwingine tutamurudisha kwao."

"Minye nimeshaona," alijibu mzee. "Esperance iko na mukono. Ule Zawadi iko na kichwa. Jiko linataka mukono."

"Basi njo Esperance."

"Njo Esperance. Kama Mungu hataharibu."

Penseli ilikuwa bado juu. Nakumbuka kwamba kulikuwa na nzi kwenye herufi ya U ya "yaurti" na kwamba nilisubiri aruke. Kisha nikairudisha penseli mfukoni. Hakuna mtu aliyenisukuma, na sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa mtulivu kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu upepo unaingia. Nikaenda kuosha ndoo. Nimesikia watu wakisimulia uovu wao wakisema damu iliwapanda, hawakujitambua. Mimi nilijitambua kabisa, na ndiyo maana namchukia yule msichana kuliko ninavyomhurumia.

Mwezi ule ulipita polepole. Tulikula sahani moja, tulilala chumba kimoja. Siku za Jumapili baada ya misa nilikaa katikati ya magoti yake akanisuka nywele, na yeye ndiye aliyeongea juu ya Bujumbura. Alitaka kwenda kuliko mimi, na alikuwa na sababu. Nyumbani kwao walishampangia mume, mtu mzima mwenye ng'ombe wengi, na mama yake alikuwa ameomba asubiriwe mpaka mafunzo yaishe. "Nikipata ile nafasi, ule muzee atachoka kungojea," alisema, akivuta nywele zangu. "Nisipopata, mwezi wa nane niko bibi ya muntu." Nikamwuliza kama mzee huyo ni mbaya. Akafikiri. "Haiko mubaya. Iko tu muzee." Nilijua basi ni nini kilichokuwa kwenye mizani. Kwangu mimi ilikuwa cheo. Nikishindwa ningerudi kwetu mtaa wa pili nikatafute kazi nyingine. Kwake ilikuwa maisha. Alimaliza kunisuka, akanigeuza kichwa huku na huku, akasema nimependeza.

Siku ya Madame ilikuwa Alhamisi, mchana, baada ya mvua. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, ameleta aproni yake mwenyewe. Tulipewa daftari la masista wazungu: pakiti moja na nusu ya unga, pakiti ya sukari, mayai kumi na sita, nusu lita ya mafuta, yaurti kilo moja. Unga na sukari vilikuja vimepimwa katika pakiti za kilo, mafuta katika chupa, mayai unahesabu. Kitu pekee kilichohitaji gobele kilikuwa yaurti. Na yaurti ya siku ile Esperance aliiagiza mwenyewe kutoka kwao, siku mbili kabla, ili awape wageni kilicho bora. Chungu kilifika asubuhi. Aliinua kifuniko, akanusa, kisha akakisogeza mezani mpaka katikati, upande wangu.

"Chukua nusu. Ile ya bidoni iko maji tu. Tupike vya sawa."

Nilichukua nusu. Papa Dominiko alikuwa akichochea makaa na hakututazama. Nilianza kupima, mgongo wangu ukikificha kisu changu, kata, mimina, kata, mimina. Nilipofika ya tatu nikamsikia Esperance anaita jina langu kwa sauti ya chini. Alikuwa amesimama mbele ya karatasi ya ukutani na gobele mkononi, yaurti ile nzito imesimama juu yake na ncha yake.

"Zawadi. Ile uliandika, gobele moja, iko ya namna gani? Ya kwetu ao ya kwenu?"

Aliniuliza kwa kunyoosha kabisa, mbele ya ukuta wangu mwenyewe. Ningeweza kusema neno moja. Nilikuwa nimegeuza uso tu, si mwili. Nikamwambia:

"Gobele iko gobele."

Aliitazama ile aliyoshika. Kwa muda mfupi mkono wake ulishuka upande wa kisu, naapa niliuona, kisha akatazama chungu cha mama yake na tabia ya kwao ikamshinda. Akamimina pamoja na kilima. Akaongeza ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja na kilima chake, kwa ukarimu. Keki zetu ziliingia furuni pamoja na zikatoka pamoja, mzee alipogonga sufuria. Yangu ilikuwa imepanda, imepasuka katikati vizuri, na Madame alipoonja kipande alifumba macho akauliza yaurti hiyo imetoka wapi. Nikajibu, "Ya mulimani, Madame." Ya Esperance ilikuwa nzuri kwa juu. Kisu kilipoingia katikati kilitoka kimelowa, na ilipokatwa, moyo wake ulikuwa mbichi, mweupe, ukaanza kuzama mbele ya macho yetu taratibu mpaka keki nzima ikawa na shimo. Alisema mara moja tu, "Nilifuata ukuta." Masera Agata akarekebisha miwani yake akamwambia Madame, kwa Kifaransa, kana kwamba hatupo, kwamba watoto wa mlimani ndivyo walivyo, hawajui kupima. Mimi nilielewa. Nilikuwa mtu pekee mule ndani aliyejua kwamba ni uongo, nikakunja aproni yangu.

Esperance aliondoka Jumamosi. Alinikuta kwenye ngazi, chungu chake kikiwa kimefungwa katika kitenge, akaniambia, "Uende muzuri. Utaniandikia kama banapika nini kule." Nikasema nitaandika. Papa Dominiko ndiye aliyembebea kifuko mpaka barabarani. Alirudi, akasimama mbele ya karatasi ya ukutani kwa muda mrefu, akachukua gobele, akaitazama kwa juu, kisha kwa pembeni. "Zawadi," alisema, "weye utakuwa mupishi wa nguvu. Lakini minye sitakula chakula yako." Na hakuila. Wiki zote zilizobaki alikuja na viazi vyake vimefungwa katika jani la mgomba.

Bujumbura nilisoma, nilifaulu, nilirudi. Somo la kwanza kabisa la kule lilikuwa kupima: kikombe kilichokatwa juu, kwa kisu kilichonyooka. Niliandika kwa mkono mzuri, sikumwandikia mtu barua. Jiko la masista nililipata, nikalishika miaka mingi, kisha nikapikia ofisi na harusi, nikaanza kufundisha. Vita vilitukimbiza na kuturudisha, na katika kurudi huko, siku moja nikiwa nyuma ya pikipiki, nikaona kibao katika mtaa wa Kimanga: YAURTI YA RURAMBO, na chini ya kibao mikono ile mikubwa. Alikuwa amezeeka kabla yangu. Yule mzee wa ng'ombe alishakufa akamwachia watoto sita. Watu walipanga mstari mlangoni kwake, na kila aliyetoka alibeba gobele yenye kilima. Nilimwambia dereva asisimame. Kwa miaka kumi na moja nilipita Kimanga nikitazama upande wa ziwa.

Nilikamatwa mara moja. Ilikuwa mbele ya kanisa, baada ya ubatizo wa mtoto wa jirani, Esperance akaja moja kwa moja akanishika mikono miwili. Tuliulizana habari za watoto, za magoti, za mvua. Kisha akasema, bila kubadili sauti, kama anayeulizia bei ya vitunguu: "Zawadi, weye ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?"

Alinitazama. Nilingoja kicheko chake kinachochelewa, labda kingekuja. "Haina neno," alisema, akaachia mikono yangu. Nilifika nyumbani nikapika chakula cha watu kumi na wawili bila kuonja hata kimoja. Naona aibu zaidi kwa jibu lile kuliko kwa la kwanza, kwa sababu nilipotoa la kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilipotoa la pili nilikuwa bibi wa watu.

Nilikwenda matangani Jumatano, saa tisa ya mchana. Walitandika maturubai uani, wanawake wamekaa kwenye mikeka upande wa ukuta, wengine wa bondeni wakiimba kwa Kirundi, wengine wa milimani wamenyamaza. Neema, binti wa mwisho, alinijua mara moja ingawa hatukuwahi kuonana. Ana kidevu cha mama yake. Alinikalisha kwenye kiti, si mkekani. Katika chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi, niliona mizani juu ya meza, nyeupe, ndogo, ile ya betri. Akanikuta naitazama.

"Ile Mama aliinunua zamani," alisema. "Siku ya kwanza alipima gobele moja ya kilima, na ingine amekata na kisu. Akaandika kwa mukono wake, mia tatu na makumi mbili na tano, mia mbili na makumi tano. Akakaa chini pale. Tulizani anaumwa. Akasema tu, 'Kumbe.' Hakuitumikisha tena kwa bageni."

Nikamwuliza ilikuwa mwaka gani, kabla ya ubatizo ule au baada yake. Ilikuwa kabla. Kwa hiyo siku ile mbele ya kanisa alikuja anajua gramu zote, na alichotaka kwangu kilikuwa kidogo sana.

Wakaanza kupitisha yaurti, kwa kuwa ndivyo nyumba ile ilivyopokea watu, kwa furaha na kwa msiba. Ilikuwa ya mwisho aliyoitengeneza yeye mwenyewe, nzito, yenye moshi kidogo. Niliona gobele zikienda mkono kwa mkono, kwa mama wa kanisa, kwa dereva wa pikipiki aliyenileta, kwa mtoto mdogo aliyekuwa akipiga kelele, na kila moja ilikuwa na kilima na ncha yake. Neema alifika mbele yangu na sinia. Juu yake kulikuwa na gobele moja na kisu. Aliiweka gobele kwenye kiti cha pembeni, akashika kisu, akapitisha juu yake mara moja, polepole, mpaka kilima kikaanguka kwenye sinia. Wanawake wa milimani waliokuwa wamekaa mkekani waliacha kula.

"Munisamehe, Mama," alisema Neema, macho chini. "Njo Mama alisema. Alisema, 'Zawadi akikuya, yeye mumukatie.' Minye sijue juu ya nini."

"Minye najua," nikamwambia.

Nilipokea kwa mikono miwili. Sikumtazama mtu. Nilikula kwa kijiko, taratibu, mpaka chini, mpaka nikaona enameli. Zilikuwa gramu mia mbili na hamsini kamili. Kisha nikainuka nikaenda.